Uzoefu wangu: siku moja Kamakura, na yule mama aliyeninyima dagaa

Wakuu, Kamakura ni mji mzuri huku Japani na siku yangu kule iliharibiwa, yote mawili ni kweli, na naandika hasira haijaisha kwa hiyo mnivumilie.

Nipo Tokyo kwa masomo. Juzi kati hapa nikaamka siku ya mapumziko sina ratiba, sina mtu wa kuongozana naye, mvua inanyesha, nikasema sikai ndani leo, nikabeba mwavuli nikapanda treni ya Yokosuka, baada ya kama saa moja niko Kamakura. Mambo ya nauli na saa za kufungua mtayakuta kwenye simu zenu, hayo siyo yaliyonileta hapa.

Asubuhi ilienda vizuri mno. Huu ndio mji ambao Minamoto no Yoritomo aliufanya makao ya utawala wa kijeshi, akapewa cheo cha shogun, yaani mtawala wa kijeshi, mwaka 1192, na utawala huo ukadumu hapo mpaka 1333 huku mfalme mwenyewe yuko Kyoto. Nikaenda hekalu la Tsurugaoka Hachimangu. Kwenye zile ngazi za mawe ndipo shogun wa tatu, Sanetomo, alipouawa mwaka 1219 na mtoto wa kaka yake, Sanetomo mwenyewe alikuwa ametoka kuabudu. Kando ya ngazi kulikuwa na mti mkubwa wa ginkgo, watu wanasimulia muuaji alijificha nyuma yake, upepo ukaja kuuangusha Machi 2010, lakini kisiki kimechipua na nimekiona kwa macho yangu kina majani mabichi kabisa. Nilikaa pale nikilowa mvua na sikujali.

Baadaye nikapanda Enoden, kile kitreni kinachopita karibu na nyumba za watu hadi unaona nguo zimeanikwa, kimejaa kama daladala ya Mbagala asubuhi, nikashuka Hase. Sasa hapa ndipo.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Dagaa kwangu ni chakula cha nyumbani, nimelelewa nacho. Na Kamakura wanasifika kwa shirasu, dagaa wadogo weupe wanaovuliwa ghuba ya Sagami, wanawaweka juu ya wali wakiwa wabichi au wamechemshwa. Tangu nimefika Japani nasikia habari zao. Nikakuta kimgahawa kidogo, nje wameweka ubao wenye picha ya lile bakuli, mlango wa kioo, na kwa macho yangu naona kwenye kaunta viti viwili havina mtu. Nikafungua mlango, nikainama kidogo kwa heshima, nikanyanyua kidole kimoja nikasema kwa Kijapani kwamba niko peke yangu.

Akaja mama mmoja wa makamo, hajasema karibu, hajasema samahani, akakutanisha mikono yake miwili mbele ya uso wangu ikawa alama ya X. Nikadhani hajanisikia, nikarudia polepole, nikamwonyesha kile kiti. Akaweka X tena, safari hii na kichwa anatikisa, watu wote ndani wamegeuka wananitazama. Nikatoka. Sijafika hata hatua kumi, wanaume wawili wenyeji wakaingia, na kupitia kile kioo nikaona wanakalishwa palepale kwenye viti vile.

Inawezekana walikuwa wameweka nafasi kwa simu. Nakubali. Na rafiki yangu mmoja aliyekaa huku muda mrefu ananiambia sehemu ndogo kama zile wanaogopa mgeni kwa sababu hawajui watamwelezaje menyu. Sawa, lakini mimi nimemsemesha kwa lugha yake! Angesema tu pamejaa, au subiri nje, ningesubiri hata saa nzima kwenye mvua. Yaani kinachoniuma siyo bakuli, ni ile mikono.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa kibaya. Maua ya ajisai ya bluu na zambarau ambayo watu wanayafuata kule mwezi wa sita, mimi niliona foleni tu na miavuli ya watu ikinichoma machoni. Hekalu la Hasedera kuna sanamu ya mbao ya Kannon, yule wa huruma kwa Wabuddha, mwenye vichwa kumi na moja, zaidi ya mita 9, dhahabu mwili mzima, nimesimama mbele yake namuwaza yule mama. Nisingempa huu mji hata nyota mbili saa ile.

Aliyenituliza ni Buddha Mkubwa, sanamu ya hekalu la Kōtoku-in. Shaba, zaidi ya mita 11, kazi ya kumsubu ilianza 1252, na jumba lililokuwa linamfunika wanasema lilibebwa na tsunami mwaka 1498, halikujengwa tena, kwa hiyo mvua yote inamshukia. Tetemeko la 1923 likaharibu msingi wake, wakautengeneza, bado amekaa. Kwa hela ndogo sana unaingia tumboni mwake. Humo ndani kuna giza na unaona mistari ya pale walipounganisha shaba kipande juu ya kipande, na shingoni walipomwongezea nguvu. Nikaweka kiganja ukutani nikakaa nacho. Jamani, nendeni. Nawaambia kwa moyo wote nendeni.

Jioni karibu na stesheni nikapata shirasu kwenye duka lingine, kijana akanihudumia vizuri tu. Wa kuchemsha, chumvi kidogo, laini sana. Wa kwetu wamewazidi mbali! Au labda ni hasira, labda mchana kwenye kaunta ile ningewala nikasema ndio dagaa bora duniani, sasa sitajua.

Kwa kuzunguka nikitafuta chakula nilikosa muda wa Engaku-ji, hekalu ambalo Hōjō Tokimune, aliyekuwa anatawala kwa niaba ya shogun, alilianzisha 1282 kuwaombea waliokufa vita vya Wamongolia, wa kwao na wa adui. Nikasikitika kuliko yote. Liko Kita-Kamakura, kituo kimoja kabla ya Kamakura ukitokea Tokyo, nikirudi nashukia hapo kwanza, na chakula natoka nacho mwenyewe.