Mbegu za Gorria na unga wa Espelette: tathmini baada ya misimu miwili

Pakiti ya mbegu za pilipili ya Gorria niliyoinunua majira ya baridi ya mwaka juzi ilikuwa na mbegu 25 na iligharimu yuro 4, bei ambayo kwa mtu aliyezoea kupasua pilipili ya sokoni na kuanika mbegu zake juu ya gazeti inaonekana ni ya anasa. Naandika baada ya kuzipanda misimu miwili mfululizo katika bustani ndogo nje kidogo ya Bordeaux, Ufaransa, na baada ya kuonja unga nilioutengeneza mwenyewe sambamba na unga wenye jina lake kamili, Piment d'Espelette, nilioununua Espelette penyewe, takriban kilomita 200 kusini ya hapa.

Kwanza majina, kwa sababu ndiyo yanayomchanganya mnunuzi. Gorria, neno lenye maana ya nyekundu katika Kibaski, lugha ya Wabaski wanaoishi mpakani mwa Ufaransa na Hispania, ni jina la mmea, na mmea huo anaweza kuupanda yeyote popote. Espelette ni jina la kijiji katika nchi ya Wabaski upande wa Ufaransa, na tangu mwaka 2000 sheria ya Ufaransa, kisha tangu 2002 sheria ya Umoja wa Ulaya, inaruhusu jina hilo litumike kwa pilipili iliyolimwa na kukaushwa ndani ya eneo la vijiji na miji midogo 10 tu, ikiwemo Ainhoa, Itxassou, Ustaritz na Cambo-les-Bains, tena kwa kufuata masharti yaliyoandikwa. Sisi tumezoea majina yanayotembea: ukimwagiza mtu wa Dar es Salaam pilipili hoho atakuletea lile tunda nono lisilowasha, ilhali kwa wazee wengi wa pwani hoho ni pilipili kali. Wabaski wamelifunga jina lao kamba, nami sioni kuwa ni ubahili. Mfano wa kilichowapata wenzao wa Galicia, Hispania, unatosha: pilipili ndogo za kijani za Padrón zimekuwa zikilimwa hadi Moroko na kuuzwa kwa jina hilohilo, na wakulima wa kwao walipotafuta ulinzi waliupata kwa jina la Herbón, ambalo wanunuzi wengi hawalijui.

Pakiti yangu, kwa hiyo, ilistahili sifa hata kabla sijaifungua, kwa kuwa iliandikwa Gorria na hakuna kingine. Msimu wa pili niliongeza pakiti kutoka kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni, iliyoandikwa "aina ya Espelette" na kupambwa kwa picha ya kuta nyeupe zilizotundikwa shada za pilipili. Sheria ya Ulaya inakataza jina lililolindwa kubandikwa kwenye bidhaa za jamii moja nalo hata likitanguliwa na maneno kama "aina ya" au "mtindo wa", na baada ya mavuno nilielewa kwa nini: katika miche 9 iliyoota, 4 ilizaa matunda mafupi ya duara ambayo hayakufanana na Gorria kwa umbo wala kwa harufu. Nilimwandikia muuzaji mara mbili, na hadi leo sijajibiwa.

Mbegu za pakiti ya kwanza hazikunisumbua. Nilizisia mwishoni mwa Februari katika trei niliyoiweka karibu na kipasha joto, na ndani ya siku 12 zilikuwa zimeota 21. Mwenye haraka ajihadhari na kupandikiza mapema, maana wenyeji hawatoi miche nje mpaka wapite wale wanaowaita watakatifu wa barafu, yaani tarehe 11 hadi 13 Mei. Mwaka wa kwanza niliwapuuza na miche sita ikaungua kwa baridi ya usiku mmoja. Mmea hukua kufikia kiuno, hubeba matunda mengi kiasi cha kuhitaji kijiti cha kuuegemeza, na matunda ya kwanza yaliiva katikati ya Agosti. Masharti ya Espelette yanataka tunda liwe na urefu wa sentimita 7 hadi 14 bila kikonyo, na yangu karibu yote yaliingia humo, jambo lililonifanya nijione mkulima kwa muda mfupi.

Muda mfupi, kwa sababu kazi halisi huanza baada ya kuchuma. Zamani shada zilitundikwa kwenye kuta za nyumba zikakauka kwa jua na upepo. Siku hizi pilipili ya unga huachwa kwanza iendelee kuiva mahali pakavu penye joto na hewa kwa siku 15 au zaidi, kisha humaliziwa kwenye tanuri na kusagwa. Kijiji kile kinapata mvua nyingi ya Atlantiki wakati wa kukua, na vuli hupitiwa na upepo mkavu wa kusini ambao Wabaski wanauita haize hegoa. Mimi nilikuwa na kinyume chake: kiangazi kikavu kilichonilazimisha kumwagilia kila jioni, na Oktoba yenye ukungu. Shada moja zima niliyoitundika barazani ilioza kwa ndani, na nisingejua kama nisingepasua tunda moja kwa mashaka. Kilo 2 za pilipili mbichi zilizobaki, baada ya tanuri la nyuzi 60 na kinu cha kahawa, zilinipa unga wa gramu 250 hivi.

Sasa kuonja. Unga wa Espelette, chupa ya gramu 40 kwa yuro 7, una rangi ya chungwa iliyokolea na harufu inayonikumbusha nyasi kavu, nyanya iliyokaushwa na kitu kilichobanikwa. Ukiuweka ulimini huanza na utamu, na ukali hufika baadaye, bila fujo. Kwa kipimo cha Scoville, kile cha ukali wa pilipili, haupiti 4,000, wakati pilipili kichaa hufika makumi ya maelfu. Unga wangu una ukali uleule, pengine umezidi kidogo, lakini ile harufu ya kubanikwa haimo, na nyuma yake kuna uchungu mdogo ambao nadhani ni wa tanuri langu. Sitadai kuwa tofauti yote ni ya ardhi. Nusu yake ni ya mikono iliyofanya kazi hiyo miaka mingi.

Jikoni, asiyekula pilipili bila jasho ataona ametapeliwa. Shangazi yangu wa Tanga alipotutembelea alinyunyiza vijiko viwili kwenye mchuzi, akaonja, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hii pilipili ama rangi?" Kwenye pilau inazama isijulikane ilipokwenda. Mahali pake ni pale ambapo Wabaski wenyewe huiweka badala ya pilipili manga: juu ya mayai, samaki wa kuoka, na axoa, nyama ya ndama iliyokatwakatwa na kupikwa na vitunguu na pilipili tamu. Mimi naongeza maharage ya nazi, yakishaepuliwa, maana tui hubeba ile harufu vizuri kuliko siagi. Ikichemka muda mrefu huishiwa.

Mbegu, basi, nitanunua tena kwa yule wa kwanza, na si kuhifadhi zangu, kwa kuwa nilizipanda jirani na pilipili hoho tamu. Wadudu huchanganya chavua, na ingawa matunda ya mwaka huo hayabadiliki, mbegu zake huzaa mseto. Unga nitaendelea kuununua pia, chupa moja ndogo kwa mwaka, kwani mwanga huufifisha rangi na baada ya miezi kadhaa harufu hubaki jina. Anayenunua mbali na kijiji atazame kwenye kibandiko alama ya Umoja wa Ulaya ya rangi nyekundu na manjano pamoja na jina la mzalishaji, na akiona picha ya kuta nyeupe bila alama hiyo, airudishe rafuni.