Mguu wa plastiki na drili ya sindano ya mfupa: uzoefu wangu wa kufundishia wanaoanza

Sindano ya mfupa hupitisha dawa na maji moja kwa moja kwenye uboho. Seti ninayoifundishia ina drili ya betri, sindano za mazoezi za geji 15, yaani kipimo cha unene (urefu wa milimita 15, 25 na 45), na mguu wa plastiki wenye mfupa wa kubadilisha. Kwa kutafuta mahali pa kuchoma, mguu huu ni mzuri sana. Pia ya goti inashikika, kinundu cha muundi kinapapasika hata ukiwa na glavu, na mwanafunzi anasogeza kidole upande wa ndani hadi penye ubapa.

Lawama yangu ni mfupa wenyewe. Plastiki ni laini mno, kwa hiyo anayeanza anazoea kusukuma. Kwenye mfupa wa kweli drili ndiyo inayofanya kazi. Mkono unaongoza tu, na kitufe kinaachiwa mara ugumu unapolegea ghafla. Asiyewahi kuuhisi ulegevu huo ataendelea mpaka atokee upande wa pili, hasa kwa mtoto mchanga. Ndiyo maana naongeza mapaja mabichi ya kuku kwa sindano ya mkono, na muundi wa mbuzi kwa drili. Hupatikana buchani.

Kosa ninalolisahihisha kuliko yote hutokea kabla drili haijazunguka. Pitisha sindano kwenye ngozi kwa nyuzi 90 hadi iguse mfupa, kisha utulie uangalie: mstari mweusi wa alama ya milimita 5 kwenye sindano lazima uonekane juu ya ngozi. Ukiwa umezama, sindano ni fupi, haitafika kwenye uboho, na dawa itaishia kwenye nyama. Chukua ndefu zaidi.

Baada ya kutoa waya wa ndani, unganisha mrija wa mpira uliojazwa maji ya chumvi, vuta kidogo uone kama uboho unakuja, kisha sukuma kwa nguvu mililita 5 hadi 10 za maji hayo kwa mtu mzima, 2 hadi 5 kwa mtoto. Uboho usipokuja, usiing'oe sindano papo hapo. Tazama kama imesimama imara. Bila msukumo wa maji hayo dripu haiendi. Papasa shavu la mguu kila mara kutafuta uvimbe wa maji yanayovuja nje ya mfupa, maana plastiki haivimbi, na mwanafunzi asipokumbushwa hapa atasahau wodini. Mgonjwa mwenye fahamu hupewa lidokeini (dawa ya ganzi) polepole kwanza, kwani msukumo unauma kuliko kuchomwa.

Mfupa wa plastiki wenye matundu mengi huifanya sindano iyumbe, utupe mapema. Sindano za mazoezi si tasa, hivyo zisilale droo moja na za wagonjwa.