Mpira kwa mpira: tumezipima huduma za kufuatilia msururu wa Test, pamoja na kombe ambalo ubao wa matokeo hausemi linakwenda kwa nani

Anayefuatilia kriketi ya Test kwa mtindo wa soka, wa kufungua simu usiku kuona nani kashinda, ataambulia namba asizozielewa. Mechi moja ni siku tano, kila siku vipindi vitatu na ova zisizopungua 90, kila ova ikiwa mipira sita. Msururu mkubwa una mechi tano za namna hiyo, na ule wa England na India wa 2025 ulianza tarehe 20 Juni ukaisha tarehe 4 Agosti. Hakuna anayekaa kitini muda wote huo. Kwa hiyo kipimo chetu ni kimoja: mtu akichungulia kwa sekunde kumi katikati ya shughuli zake, je, atajua mchezo umefika wapi na kombe linaelekea wapi?

Tuanze na maandishi ya mpira kwa mpira, maana ndiyo tunayoyapa alama za juu. ESPNcricinfo, iliyoanza mwaka 1993, bado ndiyo kipimo cha wengine. Kila mpira unaorushwa unapata mstari wake: nani karusha, nani kapiga, umekwenda wapi, mikimbio mingapi. Data inayotumika ni kidogo kuliko ya sauti au picha, na ukikosa saa nzima unarudi nyuma na kusoma yote yaliyopita. Redio haikupi hilo.

Tatizo ni kwamba ukurasa wenyewe haumfundishi mgeni kuusoma. Namba kama 76.2 si desimali. Maana yake ova 76 zimekamilika na mipira miwili ya ova inayofuata imerushwa. Baada ya 76.5 inakuja 77. Nyota (*) ina kazi mbili: ikikaa kwenye jina ni nahodha, ikifuata idadi ya mikimbio maana yake mpigaji hajatolewa. Alama ya msalaba (†) ni mlinda wiketi, yaani anayesimama nyuma ya vijiti vitatu vinavyolengwa na mrushaji. Jingine linalowachanganya hata wazoefu ni kwamba vyombo vya Australia huandika wiketi (idadi ya wapigaji waliotolewa) kwanza, kwa hiyo 4/200 yao ni 200/4 ya wengine wote. Ukiona 3/7 asubuhi, kabla ya kushtuka au kushangilia, angalia kwanza ukurasa ni wa nchi gani.

Siku ya kuzipima huduma hizi ilikuwa tarehe 4 Agosti 2025, uwanja wa The Oval, London. England walikuwa wanaongoza msururu 2-1. Walihitaji mikimbio 374 kushinda mechi ya tano, na siku ya tano ilianza wakiwa 339 kwa wiketi sita: mikimbio 35 imebaki, wiketi nne mkononi, ya mwisho ikiwa ya Chris Woakes aliyeteguka bega siku ya kwanza. Jamie Overton akapiga minne (mpira unaofika mpakani) mara mbili kwenye ova ya kwanza. Kwa mtu anayetazama jumla peke yake, mambo yalikuwa yamekwisha. Mohammed Siraj wa India akamtoa Jamie Smith, kisha Overton mwenyewe. Prasidh Krishna akang'oa wiketi ya Josh Tongue. Woakes akaingia mkono mmoja ukiwa umefungwa ndani ya sweta, akishika gongo kwa mkono mwingine.

Hapo ndipo maandishi yalipowashinda wote. Kadi ya mechi inaonyesha kwamba Woakes hakukabili hata mpira mmoja. Haionyeshi ni kwa nini. Maandishi ya mpira kwa mpira yanaonyesha: mpigaji mwenzake, Gus Atkinson, alikataa mikimbio rahisi katikati ya ova, akasubiri mpira wa mwisho ndipo wakimbie mmoja na kubadilishana pande, ili ova inayofuata, inayorushwa kutoka upande wa pili, aikabili yeye. Alipiga sita moja (mpira unaovuka mpaka bila kudunda), mpira ukipita kwenye mikono ya mlinzi wa mpakani. Kisha Siraj akarusha mpira mrefu miguuni, wiketi ikaanguka, England wakaishia 367. India walishinda kwa mikimbio sita na Siraj akamaliza na wiketi tano kwa mikimbio 104. Ukisoma mistari ile leo, unaona hesabu nzima ya Atkinson hatua kwa hatua.

Kasoro ya maandishi ipo, na ni kubwa kwenye rufaa za kupinga uamuzi wa mwamuzi. Kila timu ina rufaa tatu zinazoweza kufeli katika kila zamu ya kupiga. Kwenye mguu mbele ya wiketi, yaani mpigaji anapodaiwa kuuzuia kwa mguu mpira uliokuwa ukielekea kwenye vijiti, mashine inaangalia mambo matatu: mpira ulidunda wapi, ulimgonga wapi, na ungegonga wiketi au la. Mwamuzi akiwa ameamua, na mashine ikaonyesha kwamba chini ya nusu ya mpira ingegusa wiketi, uamuzi wake unabaki, na timu iliyokata rufaa haipotezi rufaa yake. Maandishi mara nyingi hufupisha yote hayo kuwa neno moja, "ametoka" au "amebaki". Msomaji hajui kama mwamuzi alikosea au alinusurika kwa unywele. Kwa hilo, televisheni haina mpinzani.

Redio. Test Match Special ya BBC iko hewani tangu 1957, na kwa mtu anayeendesha gari, anayepika au anayepiga pasi, hakuna kinachoikaribia. Watangazaji wanataja idadi ya mikimbio na wiketi mara kwa mara, jambo ambalo huduma changa husahau. Wanaeleza pia kile kisichoingia kwenye namba: wingu limetanda kwa hiyo mpira unapinda hewani, walinzi wamesogea karibu, nahodha anabishana na mwamuzi juu ya umbo la mpira. Mazungumzo yao ya keki na ndege wa uwanjani yatamuudhi mtu mwenye haraka. Wenye haraka, hata hivyo, wana michezo mingine. Matangazo yake ya mawimbi marefu, yaliyokuwa yakikatizwa na utabiri wa hali ya hewa wa mabaharia, yalifikia tamati mwaka 2023. Yanayopatikana kwa intaneti huchelewa kidogo, kwa hiyo usisikilize huku umefungua maandishi, la sivyo utajua wiketi imeanguka kabla mrushaji hajaanza kukimbia. Kabla msururu haujaanza, hakikisha pia matangazo hayo yanafunguka ulipo, maana haki za matangazo huuzwa nchi kwa nchi.

Televisheni tutaipitia haraka. Sky Sports imeshikilia mechi za Test za nyumbani za England tangu 2006, na picha zake za kuchambua urushaji ni darasa. Lakini ni ghali kuliko njia nyingine zote, na inakutaka ukae saa sita. Muhtasari wa video una udanganyifu wake: unaonyesha wiketi na mipira minne-minne, unaficha ova 20 za subira zilizosababisha wiketi hiyo.

Sasa tuje kwenye lile ambalo karibu huduma zote tumezinyima alama: sheria ya kombe. Msururu wa 2025 ulipoisha, kurasa ziliandika 2-2, sare. Basi kombe la nani? Kwa desturi ya misururu mingi, sare ya msururu humwachia kombe aliyekuwa nalo. Ashes, ya England na Australia, iko hivyo. Border-Gavaskar, ya Australia na India, iko hivyo. Frank Worrell Trophy vilevile: Januari 2024 West Indies waliishangaza Australia mjini Brisbane kwa ushindi wa mikimbio minane, Shamar Joseph akichukua wiketi saba, msururu ukawa 1-1, na kombe likabaki Australia. Lakini 2025 England na India walikuwa wanacheza kwa mara ya kwanza chini ya jina Anderson-Tendulkar. Hakukuwa na mwenye kombe, kwa hiyo waligawana. Anayejua kanuni ya Ashes peke yake angekosea hapa, na ubao wa matokeo usingemsaidia.

Kuna hesabu nyepesi ambayo huduma yoyote ingeweza kuiweka chini ya ubao. Chukua tofauti ya ushindi kati ya timu mbili, ilinganishe na mechi zilizobaki. Mwenye kombe akiongoza kwa tofauti iliyo sawa na mechi zilizobaki, kombe halimtoki tena. Mpinzani lazima tofauti yake izidi mechi zilizobaki. Ashes ya 2023 ni mfano safi. Australia, wenye kombe, waliongoza 2-0 huku mechi tatu zikiwa zimebaki: bado. England wakashinda uwanja wa Headingley, 2-1, zimebaki mbili: bado. Kwenye Old Trafford, ule uwanja wa kriketi wa Manchester, England walipiga 592, wakawabana Australia hadi 214 kwa wiketi tano, kisha mvua ikaifuta siku ya tano yote. Sare. Tofauti ni moja, mechi iliyobaki ni moja: kombe limekwenda. England walishinda The Oval na msururu ukaisha 2-2, lakini kwa upande wa kombe ile ilikuwa mechi ya kukamilisha ratiba.

Ndiyo maana ya kufuatilia mvua kama unavyofuatilia wiketi. Muda ukipotea, ova moja hukatwa kwa kila dakika nne kamili. Zamu ya kupiga ikibadilika, ova mbili hukatwa. Siku ya mwisho kuna saa ya mwisho yenye ova zisizopungua 15, na manahodha wakikubaliana mchezo unaweza kuishia hapo. Wakati mwingine hawakubaliani: Old Trafford 2025 Ben Stokes, nahodha wa England, alinyoosha mkono saa hiyo ilipokaribia ili wakubali sare, Ravindra Jadeja na Washington Sundar wa India wakaukataa, wakapiga hadi kila mmoja akafikisha mia. Kanuni zilikuwa upande wao.

Usichanganye pia sare na kulingana. Sare ni muda kuisha kabla ya mshindi kupatikana. Kulingana ni timu zote kumaliza zamu zao za kupiga na jumla ya mikimbio iliyo sawa kabisa, na kwenye Test limetokea mara mbili tu: Brisbane 1960 na Madras 1986. Huduma inayotumia neno moja kwa yote mawili, iache.

Halafu kuna kombe la pili linalochezwa ndani ya msururu huohuo. Ubingwa wa Test wa dunia hutoa pointi 12 kwa ushindi, 6 kwa kulingana na 4 kwa sare, na timu hupangwa kwa asilimia ya pointi zilizopatikana kati ya zilizokuwepo. Kila ova ambayo timu imechelewa kuirusha hukatwa pointi moja. Rudi kwenye Ashes ya 2023: kila upande ulivuna pointi 28, England wakakatwa 19, wakabaki na 9, Australia wakakatwa 10, wakabaki na 18. Ubao wa msururu ulisema wametoka sare. Jedwali lilisema mmoja amepata mara mbili ya mwenzake. Habari hii huwa imefichwa kwenye ukurasa tofauti kabisa na wa mechi, na hilo ni kosa la mpangilio lisilo na kisingizio.

Alama zetu: maandishi 8 kati ya 10, redio 8, televisheni 7 kwa sababu ya bei na muda. Kwa sheria za kombe hakuna iliyopita 4. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: maandishi mchana, redio kipindi cha mwisho kuanzia baada ya chai, picha za televisheni kwa rufaa zenye utata tu. Kabla ya mpira wa kwanza wa msururu, andika mahali mambo matatu: nani anashikilia kombe, mechi ni ngapi, na sare ya msururu inampa nani. Na ukisikia Australia imelishinda Ashes, usitafute picha yao wakiondoka na kijungu kile cha udongo chenye urefu wa sentimita 11 hivi. Hicho kinakaa kwenye jumba la makumbusho la klabu ya kriketi ya MCC, pale uwanja wa Lord's, London, nani ashinde asishinde. Kinachoinuliwa uwanjani ni kombe la kioo lililoanza kutolewa msimu wa 1998-99.