Mizani tatu mezani kwangu: ipi ya kununulia dhahabu?

Dhahabu ya wachimbaji wadogo inauzwa kwa pointi, na pointi ni sehemu ya kumi ya gramu. Siku hizi gramu imeshapita laki mbili, kwa hiyo pointi moja ni zaidi ya elfu ishirini. Vijana wanaokata leseni ya ubroka hapa Geita wakiniuliza wanunue mizani gani, wengi wameshaamua: ya dijitali, tena ile ndogo. Mimi ninazo tatu, mbili za dijitali na moja ya mkono wa chuma, na sizipi heshima sawa.

Ile ndogo ya mfukoni, yenye mfuniko, Kariakoo unaipata chini ya elfu hamsini. Inabeba gramu 200 na inasoma hadi 0.01. Kwenye karatasi inatosha kabisa. Tatizo linaanza ukiweka vumbi la dhahabu. Ukimimina kidogo kidogo kwa brashi, mizani hizi huchukulia nyongeza ndogo kama mtetemo tu, zinajirekebisha na kuipuuza. Sahani inazidi kujaa, namba imekaa palepale. Dawa ni kuinua sahani na kuirudisha, ndipo inasoma yote kwa mpigo. Muuzaji asiyejua hilo anapunjwa, na mnunuzi naye hajui kama amempunja.

Halafu kuna kitufe cha kubadili vipimo: g, oz, ct, gn, tl. Sonara aliyezoea tola ya gramu 11.66 akiona "tl" anadhani kapata ndugu yake. Kwenye mizani nyingi herufi hizo ni tael ya Wachina, zaidi ya gramu 37. Kitufe hicho kwangu nimekibandika plasta.

Ya pili ndiyo ninayonunulia: mizani ya mezani, yenye vioo pande zote za kuzuia upepo, inasoma hadi 0.001. Hizi za bei juu hazitegemei kipande cha chuma kinachopinda kama zile za mfukoni. Ndani kuna sumaku ya umeme inayosukuma sahani irudi mahali pake, na mashine inapima nguvu iliyotumika. Inatulia haraka, na haipuuzi punje. Lakini inadeka. Inataka meza isiyotikisika, feni izimwe, na iwashwe mapema ipate joto lake kabla ya mteja wa kwanza. Karasha la jirani likianza kusaga mawe, namba ya mwisho inacheza mpaka litulie.

Je, namba hiyo ya tatu baada ya nukta ina kazi gani ikiwa tunanunua kwa pointi? Kwenye uzito wenyewe, si kubwa. Kazi yake ni kupima usafi wa dhahabu kwa maji. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji, kwa hiyo kipande cha gramu 2 kikining'inizwa ndani ya maji kinapungua takribani gramu 0.104. Kikiwa na fedha asilimia kumi hivi ndani yake, kinapungua karibu 0.112. Kwenye mizani ya mfukoni moja itasomeka 0.10 na nyingine 0.11, na mizani yenyewe inaweza kukosea kwa kiasi hichohicho, basi hujajua kitu. Kwenye ya 0.001 tofauti unaiona wazi. Haichukui nafasi ya kipimo cha usafi cha sokoni, ila inakuzuia kulipa bei ya dhahabu safi kwa kitu ambacho nusu yake ni matumaini.

Sasa jambo ambalo wauza mizani hawasemi. Mizani ya dijitali haipimi dhahabu, inapima jinsi dunia inavyoivuta. Mvuto haulingani kila mahali: karibu na ikweta ni mdogo, na ukipanda juu unapungua tena. Geita tuko karibu na ikweta na juu ya mita elfu moja. Mizani iliyorekebishiwa kiwandani kusini mwa China ikifika hapa na kuwashwa hivihivi itasoma pungufu, karibu sehemu moja katika elfu. Kwenye gramu 2 hutaona kitu. Kwenye gramu 100 ni pointi nzima imepotea, na iliyopotea ni ya mchimbaji. Dawa ni jiwe la kurekebishia: unaliweka sahanini, unabonyeza, mizani inajifunza mvuto wa hapa. Ukiuziwa mizani bila jiwe, umeuziwa nusu.

Ndiyo sababu mizani ya tatu bado ipo mezani, ile ya mkono. Siyo ile ya shaba ya vikombe viwili aliyokuwa akiishika sonara wa zamani kwa vidole. Yangu ni ya Marekani. Shemeji yangu wa Texas aliniletea. Kule wawindaji hujaza risasi zao wenyewe, na baruti hupimwa kwa greni. Ina mkono mmoja unaolala juu ya ncha kali kwenye vijiwe vya akiki, na bamba dogo la shaba linalopita katikati ya sumaku ili mkono usipepesuke muda mrefu. Inasoma hadi sehemu ya kumi ya greni, yaani gramu 0.0065. Ni kali kuliko ile ya mfukoni, na mvuto wa Geita hauihusu, kwa sababu uzito wa sahani na wa vipande vya kwenye mkono unavutwa sawasawa. Haijui TANESCO wala betri.

Ila kununulia haifai. Greni 15.43 ndiyo gramu moja. Kugawanya namba hizo mbele ya mchimbaji aliyekesha shimoni ni kuomba ugomvi. Inabeba gramu 32 hivi tu. Upepo wa mlangoni unaisumbua kuliko zile nyingine, na ukiisoma ukiwa umesimama unaona tofauti na aliyekaa.

Kazi yake ni shaka. Mtu akiniambia, "Mama, hiyo mashine yako inakula," simjibu kwa maneno. Naweka dhahabu yake kwenye mkono, anauona unapanda na kushuka, halafu naweka jiwe la gramu tano ambalo analijua. Namba nyekundu mtu anaweza kuipanga. Mkono unaosawazika haubishaniwi sana. Na mara nyingi tunamaliza hapo, tunacheka, analipwa.

Kuhusu sheria sina porojo: mizani ya biashara lazima ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, dhahabu inapimwa tena mbele ya maofisa, kwa hiyo ukikosea kituoni kwako utaumbuka sokoni. Ile ya mfukoni waachie watafutaji wapimie nyumbani dhahabu ya marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa.

Kama pesa yako inatosha mizani moja, nunua ya mezani ya 0.01 iliyo na vioo na inayokubalika kukaguliwa, ya 0.001 subiri mtaji ukue. Ya mkono ongeza baadaye, hata ya mtumba, mradi ncha zake hazijabutuka. Dukani usikubali kuonyeshwa taa tu. Omba jiwe la gramu 50, liweke katikati, kisha kwenye kila ukingo wa sahani. Namba zikitofautiana, rudisha. Jiwe lako mwenyewe lishike kwa kibano, lihifadhi kwenye kiboksi chake, na jirani akija kuliazima mwambie limekwenda ukaguzi.