Uzoefu wangu na Porca Miseria!, taa ya vyombo vilivyovunjika

Mgahawa ninaofanyia kazi hapa Munich una taa kubwa juu ya meza ndefu ya katikati, na wageni huikodolea macho kabla hata ya kuomba menyu. Ni Porca Miseria! ya Ingo Maurer, mbunifu wa taa Mjerumani: vipande vya sahani, vikombe na bakuli za kaure nyeupe, pamoja na uma na vijiko, vyote vimetawanyika hewani kama mlipuko uliogandishwa. Mimi ndiye ninayeiwasha jioni na ndiye ninayeifuta vumbi.

Nianze na mwanga wenyewe. Unatoka katikati, unagonga kipande hiki, unarukia kile, na ukifika mezani umeshalainika. Kingo za sahani zinang'aa, na darini hutanda vivuli vilivyochongoka ambavyo sijachoka kuvitazama. Kwa watu waliokaa kula na kuzungumza, sijaona taa inayowapendeza zaidi usoni. Anayetaka kusoma au kushona aweke taa nyingine pembeni.

Kuitunza kunataka subira: ngazi imara, brashi laini ya kuchorea, kuanzia juu kushuka chini. Kitambaa usikiguse, nyuzi zake hunasa kwenye meno ya vipande. Kila taa hupangwa kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana, na kwa mwaka hutengenezwa chache tu. Bei yake ni ya gari jipya. Nikitazama kazi iliyomo, sioni kwamba tajiri wetu amepunjwa.

Maurer alizaliwa mwaka 1932 kwenye kisiwa cha Reichenau, kusini mwa Ujerumani, mtoto wa mvuvi. Alijifunza kupanga herufi za uchapaji, akasomea usanifu wa michoro Munich, kisha mwaka 1960 akavuka kwenda Marekani. Aliporudi alifungua karakana yake Munich, na mwaka 1966 akatoa Bulb, taa ya mezani yenye umbo la globu kubwa. Wengi humdhania mfinyanzi kwa sababu ya kaure hii, lakini mimi naona mkono wa mpanga herufi: uwazi kati ya kipande na kipande umepimwa kama nafasi kati ya maneno kwenye ukurasa. Ukisogea hatua moja, umbo zima hubadilika, na bado halielemei upande.

Taa ni ya mwaka 1994, na jina lake, ambalo kwa Kiitaliano ni tamko la mshangao kama "balaa gani hili!", lilitokana na Waitaliano walioropoka maneno hayo walipoiona mara ya kwanza.

Kwangu mimi mtu wa pwani, chombo cha kula kuhamia mahali pa heshima si jambo geni. Kunduchi, Dar es Salaam, makaburi ya kale ya nguzo yalipachikwa bakuli za Kichina kwenye mawe yake. Wazee wale walijua kwamba kaure hucheza na jua. Maurer, aliyefariki mwaka 2019, aliichezesha na umeme.

Asiyeweza kuinunua anaweza kuonja kazi yake kwa nauli ya treni. Panda U1, treni ya chini ya ardhi hapa Munich, shuka kituo cha Westfriedhof: zile kuba kubwa zinazomwaga rangi ya buluu, nyekundu na njano juu ya abiria ni zake, zilizowekwa mwaka 1998.