Treni za milima ya Alps, Uswisi: ipi ulipie zaidi, ipi uipande kwa tiketi ya kawaida

Wakala wa safari akikuuzia "treni ya mandhari" ya Uswisi, anachokuuzia hasa ni dirisha. Reli ni ileile na milima ni ileile, na karibu kila njia yenye jina inapitiwa pia na treni ya kawaida, wanayopanda wanafunzi na watu wanaokwenda kazini. Hiyo haidai kiti cha kuweka mapema wala nyongeza ya nauli. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: ukitoa faranga moja ya ziada, unaongezewa nini? Na faranga yenyewe ya Uswisi ina thamani kuliko dola, kwa hiyo asikucheke mtu ukiuliza.

Kuna jambo la kulizoea kwanza, hasa kwa aliyezoea SGR yetu, ya Dar–Dodoma au ya Nairobi–Mombasa. Huko kwetu tiketi ina treni yake, behewa lake na namba ya kiti. Uswisi tiketi ya kawaida inakupa haki ya kusafiri njia fulani siku fulani, basi. Ukikosa ya saa nne unapanda ya saa tano. Unaweza kushuka katikati ya njia, ukanywa kahawa, ukapanda inayofuata kwa tiketi hiyohiyo. Zinazobana ni tiketi za punguzo la mapema, ambazo zimefungwa kwenye treni moja tu, na treni chache za watalii zinazolazimisha kuweka kiti.

1. Bernina, kwa treni ya kawaida

Kama una siku moja tu ya kutumia relini, itumie hapa. Njia inaanzia Chur, inapanda hadi eneo la St. Moritz, inavuka mlima na kuteremka mpaka Tirano, mji mdogo upande wa Italia. Ni mwendo wa saa nne hivi. Tangu 2008 kipande cha Thusis hadi Tirano kimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na waliokiingiza humo hawakukosea.

Kinachostaajabisha si kimo. Kituo cha juu kabisa, Ospizio Bernina, kiko mita 2,253, na sisi Afrika Mashariki tuna kituo cha Timboroa, kati ya Nakuru na Eldoret, kilicho juu ya mita 2,700. Cha ajabu ni jinsi treni inavyopanda. Mwinuko unafika mita 7 kwa kila mita 100 na hakuna reli ya meno (reli ya katikati inayong'atwa na gurudumu la meno) ya kuishikilia, ni magurudumu na chuma tu. Kutoka Ospizio hadi Tirano inateremka zaidi ya mita 1,800. Juu unaacha theluji, chini unakuta zabibu na wazee wamekaa kivulini.

Kaa upande wa kulia ukitokea Chur. Upande huo ndio utakaoona vizuri daraja la Landwasser, lenye urefu wa kwenda juu wa mita 65, lililopinda kama upinde na kuishia ukutani mwa jabali: treni inatoka darajani ikiingia handakini papo hapo. Mbele zaidi ni mto wa barafu wa Morteratsch, halafu kule juu yapo maziwa mawili yaliyokaribiana, Lej Nair lenye maji meusi na Lago Bianco lenye maji ya rangi ya maziwa. Maji ya la kwanza huishia Bahari Nyeusi, ya la pili huishia Adriatiki, na kinachoyatenganisha ni kipande cha ardhi unachokipita kwa muda mfupi sana. Kabla ya Tirano, pale Brusio, reli inajizungusha duara zima juu ya daraja la matao tisa na kupita chini yake yenyewe. Kichwa cha treni unakiona dirishani kimegeuka upande wako. Ukifika Tirano, treni inapita barabarani pamoja na magari, mbele ya kanisa kubwa la Madonna di Tirano.

Sasa bei. Nauli ya daraja la pili kwa safari nzima ni faranga 60 na kitu, na kwa kadi ya nusu nauli ni nusu yake. Ukitaka Bernina Express, lile la madirisha yanayopanda hadi darini, unaongeza ada ya kiti ya faranga 20 mpaka 40 kutegemea msimu, na kiti ni lazima ukiweke. Tatizo ni kwamba vioo vyake havifunguki. Kila picha utakayopiga itakuwa na mwanga wa taa za ndani au shati la jirani yako. Treni za kawaida zina mabehewa yenye madirisha ya kushusha, na wakati wa joto baadhi yake huburuta behewa la wazi la rangi ya manjano, unapigwa upepo wa mlima usoni bila nyongeza yoyote. Utabadilisha treni mara moja njiani. Hiyo ndiyo hasara yote.

Express ina haki yake kwa mtu mmoja: anayesafiri na mzazi mtu mzima, mwenye mizigo, asiyetaka kupanda na kushuka. Hapo lipa bila kusita.

2. Luzern–Interlaken, kisha GoldenPass hadi Montreux

Nimeziweka pamoja kwa sababu zinaungana. Ya kwanza ni chini ya saa mbili, inapanda njia ya Brünig kwa reli ya meno na kuambaa na maziwa ya rangi ya zumaridi. Haina ada ya kiti ya lazima, na wengi huipanda bila kujua kuwa wameingia kwenye moja ya njia nzuri za nchi ile.

Ya pili, GoldenPass Express, ni saa tatu na robo kati ya Interlaken na Montreux. Ilianza Desemba 2022, na nyuma yake kuna ufundi wa kusimulia. Reli ya upande wa Montreux ni nyembamba, mita moja. Ya upande wa Interlaken ni pana, milimita 1,435. Zamani ilikuwa lazima abiria washuke Zweisimmen wabadilishe treni. Siku hizi mabehewa yanapita taratibu juu ya mtambo maalumu, magurudumu yanajipanua au kujibana, na wewe umekaa. Kuweka kiti si lazima ila ni vizuri wakati wa kiangazi. Viti vya daraja la juu kabisa vinageuzwa kufuata mwelekeo wa treni. Vinapendeza, lakini fedha hiyo ingekulipia chakula cha jioni.

Kaeni macho mnapokaribia Montreux. Treni inatoka milimani na Ziwa Geneva linafunguka lote chini yenu, kisha inaanza kuzungukazunguka kuteremka kati ya mashamba ya zabibu.

Kwa wasomaji wa Oman na Ghuba, na Waislamu wengine: Interlaken inapokea wageni wengi kutoka nchi za Kiarabu, na chakula halali hakikusumbui kukipata.

3. Gotthard kwa Treno Gottardo

Tangu 2016 treni za haraka kwenda kusini hupita handaki la kilomita 57 chini ya mlima; unaingia gizani na kutokea kwenye jua. Njia ya zamani ya juu, ya 1882, bado inatumika, na ndiyo yenye kuonwa. Pale Wassen reli inajiviringisha ndani ya mlima kutafuta kimo, na kanisa dogo jeupe la kijiji unaliona mara tatu: mara liko juu yako, mara usawa wako, mara chini yako.

Treni ya watalii, Gotthard Panorama Express, inaunganisha boti ya kutoka Luzern na behewa la daraja la kwanza pekee, tena kwa msimu tu. Treno Gottardo inapita reli hiyohiyo kwa nauli ya kawaida. Boti nayo unaweza kuipanda peke yake hadi Flüelen ukaikutia treni hapo. Na ukilala jimbo la Ticino, kule Lugano au Locarno, hoteli inakupa Ticino Ticket, inayokusafirisha bure kwenye usafiri wa umma wa jimbo zima.

4. Glacier Express

Najua wengi watashangaa kuikuta hapa chini. Ndiyo yenye jina kubwa kuliko zote: Zermatt hadi St. Moritz, inatembea tangu 1930, saa nane hivi, madaraja 291, mahandaki 91, na wenyewe hujisifu kuwa ndiyo treni ya haraka iliyo polepole kuliko zote duniani.

Lakini saa nane ndani ya kioo ni nyingi. Baada ya chakula cha mchana, kinacholetwa mpaka kwenye kiti, nusu ya behewa huwa imesinzia. Na ule mto wa barafu ulioipa treni jina, wa Rhone, hauonekani tena: tangu 1982 treni inapita handaki la Furka, chini kabisa ya pale ulipokuwa ukionekana. Ada ya kiti ni kama faranga 50 juu ya nauli, na mwenye pasi ya reli naye anailipa. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi Desemba haitembei kabisa.

Ukiipenda njia hii, chukua sehemu yake iliyo tamu kwa treni za kawaida: Andermatt hadi Chur kupitia Oberalp, mita 2,033, halafu bonde la Rhine, ambako mto umechimba kuta nyeupe za mawe na barabara ya magari haifiki. Fedha iliyobaki ipeleke Gornergrat.

Gornergrat au Jungfraujoch?

Jungfraujoch, kituo cha mita 3,454 kilichofunguliwa 1912, kinaitwa "kilele cha Ulaya" na kwenda na kurudi kunaweza kupita faranga 200. Sehemu kubwa ya mwisho ni handaki. Gornergrat, kutokea Zermatt, ni mita 3,089, dakika 33, bei ni nusu au zaidi kidogo, na treni iko nje njia nzima huku mlima Matterhorn umesimama upande mmoja. Mimi ningechagua Gornergrat mara kumi. Aliyewahi kulala Horombo pale Kilimanjaro ameshapita kimo cha zote mbili.

Vyovyote uchaguavyo, usinunue tiketi ya kilele siku nyingi kabla. Asubuhi ile tazama kamera za kileleni kwenye simu. Kukiwa na mawingu, utalipa faranga zote hizo kutazama shuka jeupe.

Pasi ipi?

Swiss Travel Pass inauzwa kwa wasioishi Uswisi, ya siku 3, 4, 6, 8 au 15. Ya siku tatu daraja la pili ni karibu faranga 250, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo kila siku inavyoshuka bei. Inakupa treni, mabasi, boti, usafiri wa mijini na makumbusho zaidi ya 500. Inafaa kwa anayehama kila siku. Watoto chini ya miaka 16 wakiwa na mzazi mwenye pasi husafiri bure kwa kadi ya familia, lakini kadi hiyo lazima uiombe unaponunua. Kwa familia yenye watoto wawili watatu, mjadala unaishia hapo.

Kadi ya nusu nauli ni ya mwezi mmoja na bei yake haifiki faranga 200. Inamfaa anayekaa mji mmoja siku kadhaa na kupanda vilele, maana kwa Jungfraujoch kadi hii inakata nusu ya nauli ambapo pasi hukata robo tu. Tatu ni tiketi ya siku nzima ya punguzo, inayoanza kuuzwa miezi sita kabla. Huanzia faranga 50 hivi na hupanda kadiri watu wanavyoinunua. Mimi ningenunua moja ya hizo kwa siku ya safari ndefu, na kadi ya nusu nauli kwa siku zilizobaki.

Daraja la kwanza ni utulivu na nafasi ya miguu. Dirisha ni lilelile, kwa hiyo baki la pili.

Eurail, pasi ya treni za nchi nyingi za Ulaya, ni ya wanaotoka nje ya Ulaya. Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani au Uingereza wananunua Interrail. Angalia kwanza, kwani reli nyingine za milimani hazimo humo au zinatoa punguzo tu.

Karatasi na ratiba

Uswisi haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza moja inakufikisha Tirano na Milano. Ombi linaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Ukilala Italia siku nyingi kuliko Uswisi, ombi lako ni la Italia. Na usilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza haijatoka.

Kama unaweza, nunua ndege ya kuingia Zürich na kutokea Milano. Luzern, Interlaken na Montreux zinakuja kwanza, unarudi mashariki hadi Chur, ambako malazi ni nafuu kuliko St. Moritz, kisha Bernina ndiyo inayokutoa nchini. Pasi ya Uswisi inaishia Tirano. Kula mchana hapo, bei ni za Kiitalia na zinapumua, kisha nunua tiketi ya Milano stesheni ya Italia, jengo la jirani. Ni saa mbili na nusu na haifiki yuro 20.