TAHADHARI: Jamaa wa begi jeusi anayeuza visu vya kukunja Mwanga na Kibirizi

Ndugu zangu wa Kigoma, nimepigwa. Elfu themanini na tano taslimu, kwa kisu cha kukunja ambacho hakifai hata kumenya muhogo. Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, maana wengi wenu mkitaka kununua kisu huwa mnaniletea nikitazame kwanza. Safari hii nilitazama mwenyewe, na mkenge nikaingizwa mwenyewe.

Ni yule yule wa begi jeusi. Waliouziwa tochi mwaka jana hawana haja ya kuelezwa. Sasa kahamia kwenye visu: jioni yuko Mwanga, asubuhi boti za dagaa zikirudi anashuka Kibirizi.

Ilikuwa saa moja jioni, giza linaingia. Akatandika kitambaa juu ya kreti, akatoa boksi lenye sponji ndani, kisu kimelala katikati kama saa ya bei mbaya. Bapa la kijivu, kwenye shina, pale linapoingia kwenye mpini, limeandikwa 440C, jina la aina ya chuma. Mpini mweusi, skrubu za tundu la nyota, klipu ya kukining'iniza mfukoni. Akakifungua kwa kidole gumba, tak! Akakifunga. Akakifungua tena, tak! Kisha akatoa sumaku kama ile ya spika ya redio, akaibandika kwenye bapa, ikashika. "Unaona bosi, chuma tupu hicho, si bati." Akachukua risiti yangu ya duka la dawa, akaichana vipande vyembamba kama tambi. Akaninyoa vinyweleo vya mkono bila maji, nami nimemnyoshea mkono kama mtoto anayechanjwa. Alianzia laki na ishirini, nikasema sabini, tukakutana themanini na tano. Akafunga begi, huyo.

Mtauliza kwa nini nilimwamini. Kwa sababu alikuwa na maneno yenyewe. Hakusema "kisu kizuri", alisema 440C, akataja kromiamu inayozuia kutu, akataja loki ya bati la ndani. Na 440C ya kweli ni chuma cha kuheshimika: kaboni asilimia 0.95 hadi 1.20, kromiamu 16 hadi 18, na kikikomazwa sawasawa kwa moto kinafika ugumu wa 58 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell. Kisu cha hivyo kinakaa na makali na hakishiki kutu haraka. Kwa mtu anayeshinda kwenye maji ya samaki, ndicho kisu cha kubeba kila siku. Tena kilikuwa kizito mkononi, na uzito nao unahadaa.

Sasa msikie. Sumaku haithibitishi kitu. Chuma chochote cha kisu kinachokomazwa kwa moto kinashika sumaku, kizuri na kibovu. Hata msumari unashika. Kuchana karatasi na kunyoa mkono pia si kitu, kwa kuwa chuma laini kikinolewa chembamba kitanyoa leo. Kesho ndiyo shida. Nilikata kamba ya nanga mara sita tu, kikaanza kuteleza. Nikakielekeza juani, makali juu: yakameta vitone vitone. Makali mazima hayarudishi mwanga. Ukiona mstari unang'aa, ujue pale pamelala.

Nikachukua tupa mpya, nikaigusisha kwenye mgongo wa bapa, karibu na shina. Kwenye chuma kilichokomazwa vizuri tupa inateleza na kulia kama kioo. Hapa iliuma, ikatoa unga. Chuma laini kabisa! Nikapaka pamba dawa ya kufutia rangi ya kucha, nikasugua yale maandishi: 440C ikabaki kwenye pamba. Alama ya kiwandani hugongwa au kuchongwa ndani ya chuma. Hii ilikuwa wino.

Lakini hayo yote ningemsamehe. Loki ndiyo siwezi kumsamehe. Katika kisu cha aina hii bati la ndani ni springi: ukifungua, linaruka na kukaa nyuma ya shina la bapa kulizuia lisirudi. Kisu kikiwa kipya, bati linatakiwa liwe limeshika angalau robo ya upana wa shina, na lisipite nusu, ili libaki na nafasi ya kusogea linavyolika. Langu lilishika ukingo tu, unene wa ukucha. Bati lenyewe halifiki milimita moja, jembamba mno kwa kisu cha kazi. Halafu shina limechongwa kwa pembe mbaya, kwa hiyo ukilisukuma bapa, bati linateleza kwenda pembeni. Nilikishika vidole vikiwa nje ya njia ya bapa, nikagonga mgongo wake polepole kwenye ubao laini. Mara ya kwanza kikakaa. Mara ya pili kikajifunga. Kijana akiwa anakata kamba ya nyavu ndani ya boti, maji yanamtikisa, vidole vinne viko pale pale makali yanapoangukia. Muuzaji anajua, kwa sababu kila alipokionyesha alikifungua na kukifunga tu, wala hakukikandamiza hata mara moja.

Nikakifungua bawaba. Wosha za plastiki, moja imepasuka, na grisi nzito imepakwa ili isikike laini. Visu vya maana vina wosha za shaba ngumu au gololi. Skrubu ni chuma cha kawaida. Nilikiacha usiku mmoja na unyevu wa dagaa, asubuhi vichwa vya skrubu vyekundu.

Dalili nazikumbuka sasa, zinanichoma. Boksi halina jina la kiwanda. Anauza kigizagiza. Nilipotaka kutikisa ncha akanipokonya kwa adabu, "ngoja nikuonyeshe bosi". Ndugu, ukipewa kisu, shika ncha utikise. Kikicheza kushoto na kulia, huenda skrubu imelegea, robo ya mzunguko inatosha. Kikicheza juu na chini, loki ni mbovu, mrudishie. Na kubwa kuliko yote: kuna kijana wa Kibirizi ana kisu kile kile, mpini ule ule, mkwaruzo wa kiwandani ule ule, kimeandikwa D2. D2 ni chuma kingine kabisa, kaboni karibu asilimia 1.5 na kromiamu karibu 12, na hupata kutu kuliko 440C. Jamaa anaandika anachotaka mteja.

Anayetaka kisu cha mfukoni asihadaiwe na tak tak. Opinel namba 8 ya Ufaransa ina mpini wa mti na bapa la sentimita 8.5, na loki yake ni pete unayoizungusha kwa vidole, iliyobuniwa mwaka 1955, haina bati la kuteleza. Wa ziwani watafute iliyoandikwa INOX, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Wajue tu kwamba mti ukilowa unavimba na kisu kinakuwa kigumu kufunguka hadi ukauke. Hata hivyo nacho kikague, feki zipo.

Huyu mtu asiachwe. Kuuza kisu chenye maandishi ya uongo ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Apelekwe mahakamani, amrudishie kila mmoja pesa yake! Akishikwa, msimpige. Mkabidhini polisi na begi lake likiwa halijafunguliwa, kwa sababu ushahidi wote uko mle.

Kisu changu, boksi na ile pamba yenye wino ninavyo, sijatupa. Mliouziwa msivinoe na msiviuze kwa mwingine. Jumamosi asubuhi tukutane Kibirizi, penye vichanja vya dagaa, kila mtu na chake mkononi, twende kituoni pamoja.